Montepulciano: Ni Mji au Ni Zabibu?

Mwalimu anayefundisha vitawe aghalabu huanza na neno paa. Mwanafunzi hujifunza upesi kwamba paa ni mnyama wa porini, paa ni sehemu ya juu ya nyumba, na paa ni kitendo cha ndege kuondoka ardhini. Muktadha huondoa utata, na somo likaisha. Ipo hata hivyo aina ya utata ambayo haishughulikiwi sana madarasani mwetu, nayo ni ile ya majina ya mahali yanapobebeshwa vitu viwili, vitu hivyo vikapelekwa sokoni, na riziki ya watu ikategemea namna jina linavyosomwa. Leo ningependa tuutazame mfano mmoja kutoka Italia. Ni divai nyekundu iitwayo Montepulciano d'Abruzzo, pamoja na vyakula vinavyoandamana nayo.

Natambua kwamba baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu hawaonji kileo, ama kwa imani ama kwa hiari yao, na wengine ni wanafunzi ambao umri wao hauwaruhusu. Makala haya hayamwombi yeyote anywe. Divai ni zao la shamba kama lilivyo zao la zafarani au la zaituni, na mtu aweza kusoma historia yake bila ya kuinua bilauri. Isitoshe, neno mvinyo lenyewe tulilipokea kutoka kwa Wareno, kama tulivyolipokea neno meza ambayo juu yake chakula huandaliwa. Basi si ajabu mwanaisimu kulijadili.

Kuna divai mbili mashuhuri za Italia zenye neno Montepulciano katika majina yao. Ya kwanza ni Vino Nobile di Montepulciano. Hii hutoka katika mji wa Montepulciano, mji mkongwe uliojengwa juu ya kilima katika mkoa wa Siena, jimbo la Toscana. Ndiko alikozaliwa mwaka 1454 mshairi na mwanazuoni Angelo Ambrogini, ambaye alijitwalia jina la Poliziano kutokana na jina la Kilatini la mji wake. Divai ya huko hutengenezwa hasa kwa zabibu za Sangiovese, ambazo wenyeji huziita Prugnolo Gentile. Sheria hudai zisipungue asilimia 70.

Divai ya pili ni hiyo Montepulciano d'Abruzzo. Hii haitoki katika mji huo, wala haitoki Toscana. Hutoka Abruzzo, jimbo lililo mashariki ya Roma, ng'ambo ya pili ya milima ya Apenini, linaloteremka hadi Bahari ya Adriatiki. Hapa Montepulciano ni aina ya zabibu: nyeusi, yenye ganda nene na rangi nzito, inayochelewa kuiva. Sheria hudai zabibu hizo zisipungue asilimia 85 ya divai. Mwishoni mwa karne ya 18 zabibu hii ilikuwa imekwisha kutajwa katika maandishi kuhusu bonde la Peligna, karibu na mji wa Sulmona. Kwa muda mrefu watu waliidhani kuwa ndiyo Sangiovese ya Toscana, na huenda kufanana kwa majina kulichochea dhana hiyo. Leo wataalamu wa mimea wanajua kwamba hizi ni zabibu mbili mbalimbali.

Tazama sasa sarufi ya majina haya. Yote mawili yana kihusishi kile kile cha Kiitaliano, di, ambacho hupoteza irabu yake na kuwa d' kinapotangulia neno linaloanza kwa irabu. Tofauti haimo katika kihusishi. Imo katika upande ambao neno Montepulciano limesimama. Katika Vino Nobile di Montepulciano, neno hilo limekuja baada ya kihusishi. Ni kikamilisho, linatueleza divai inakotoka. Katika Montepulciano d'Abruzzo, neno hilo limetangulia. Ndilo kichwa cha kirai, ndicho kitu chenyewe kinachotajwa, na Abruzzo ndiko kinakotoka. Anayesoma lebo kwa makini hahitaji kuwa mjuzi wa divai ili azitofautishe. Anahitaji tu kujua kichwa cha kirai ni kipi.

Utata huingia pale mfasiri wa Kiswahili anapoandika kwa wepesi "divai ya Montepulciano". Kihusishi chetu cha a-unganifu kina uwezo mkubwa, na uwezo huo ndio hatari yake. Tunasema chai ya tangawizi tukimaanisha kilichotiwa ndani. Chai ya Kericho tukimaanisha ilikokuzwa. Chai ya jioni tukimaanisha wakati wa kuinywa. Umbo ni moja, mahusiano ni matatu. Sisi wenyewe hatupotei kwa sababu tunajua kwamba tangawizi si mji na Kericho si kiungo. Msomaji asiyejua kama Montepulciano ni mji au ni zabibu hana cha kumwongoza. "Divai ya Montepulciano" yaweza kuwa hii, yaweza kuwa ile.

Huenda msomaji akauliza: kuna madhara gani? Mtu akikosea divai si atakunywa tu nyingine? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuwatazama watu waliolima mizabibu hiyo.

Abruzzo ni nchi ya milima. Kilele cha Corno Grande katika safu ya Gran Sasso kina urefu wa mita 2,912, na safu ya Maiella inakikaribia. Kati ya milima na bahari kuna ukanda wa vilima, na humo ndimo mizabibu mingi ilimopandwa, hususan katika mkoa wa Chieti. Wenyeji wamezoea kuikweza mizabibu juu ya vichanja virefu, ili majani yatandazike kama dari na vichala vining'inie chini kivulini. Hewa ya baridi hushuka usiku kutoka milimani na upepo wa bahari hupanda mchana, na kwa hiyo zabibu hizi zinazochelewa kuiva hupata muda wa kukomaa pole pole.

Pamoja na neema hiyo, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya divai ya Abruzzo iliuzwa kwa jumla, bila chupa na bila jina. Ilipakiwa ikapelekwa mbali, kwa watengenezaji waliohitaji rangi na nguvu za kuongezea katika divai zao zilizopwaya. Rangi ya Abruzzo ikaingia katika chupa za wengine, na sifa ikabaki kwa jina lililoandikwa juu ya chupa. Mkulima alilipwa bei ya kitu kisicho na jina, na bei hiyo siku zote ni ndogo.

Umaskini huo ulikuwa mmoja tu kati ya mambo mengi yaliyowasukuma watu kuhama. Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji zilitia saini mkataba ambao kwao Italia ilipeleka wafanyakazi katika migodi ya Ubelgiji na kupata makaa ya mawe. Watu wa Abruzzo walikuwa miongoni mwa waliokwenda. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulizuka katika mgodi wa Bois du Cazier huko Marcinelle, wakafa watu 262. Waitaliano walikuwa 136, na wengi wao walikuwa wana wa Abruzzo, baadhi yao wakitoka katika mji mmoja mdogo, Manoppello, ulio chini ya mlima Maiella. Sidai kwamba lebo ya chupa ingewaokoa watu wale. Ninalosema ni kwamba mahali ambapo jasho la mtu halibebi jina lake, mtu huyo hulazimika kwenda kuliuza jasho kwingine.

Mwaka 1963 serikali ya Italia ilitoa sheria ya kuyalinda majina ya divai kwa utaratibu uitwao DOC, yaani jina la asili linalodhibitiwa. Jina haliwi mali ya kila mtu tena: sharti zabibu ziwe za aina fulani, zitoke katika ardhi iliyopimwa mipaka yake, na divai itengenezwe kwa namna iliyokubaliwa. Vino Nobile di Montepulciano ilipata hadhi hiyo mwaka 1966, na Montepulciano d'Abruzzo ikafuata mwaka 1968. Mwaka 1980 ile ya Toscana ikapandishwa hadi daraja la juu zaidi, DOCG. Abruzzo ilisubiri hadi mwaka 2003, ambapo divai ya vilima vya Teramo, Montepulciano d'Abruzzo Colline Teramane, ilipewa daraja hilo. Huko zabibu za Montepulciano hazina budi kufika angalau asilimia 90.

Sheria peke yake haikutosha. Ilibidi wapatikane watu wa kutia divai katika chupa na kuliamini jina lao. Mkulima Emidio Pepe wa Torano Nuovo, katika mkoa wa Teramo, alianza kazi hiyo mwaka 1964, akizikanyaga zabibu kwa miguu na kuziacha chupa zikae miaka mingi kabla ya kuziuza, katika siku ambazo wengi waliiona divai ya kwao kuwa ya kunywewa changa au kuuzwa kwa jumla. Wakulima wadogo wengine waliunda vyama vya ushirika, ambavyo hadi leo hutengeneza sehemu kubwa ya divai ya jimbo hilo. Pole pole jina Abruzzo likaanza kusomwa.

Sasa tugeukie chakula, kwa maana divai ya Kiitaliano haikukusudiwa kunywewa peke yake. Nilipozuru Chieti kwa shughuli za kitaaluma, mwenyeji wangu, mtafiti wa lahaja za huko, alinipeleka jioni moja katika kijiji cha mlimani. Tuliletewa arrosticini. Ni vipande vidogo vya nyama ya kondoo, kila kimoja cha sentimita moja hivi, vilivyotungwa katika vijiti vyembamba. Msomaji aweza kuvifikiria kuwa mishikaki midogo mno. Huchomwa juu ya jiko la makaa refu na jembamba mfano wa mfereji, ili moto uiguse nyama na kijiti kisiungue. Hakuna kiungo ila chumvi. Huliwa kwa mkono, moto moto, pamoja na mkate uliopakwa mafuta ya zaituni, na hakuna anayeagiza kijiti kimoja. Huletwa kwa makumi.

Nilimwuliza mwenyeji wangu ni kanuni gani iliyowaongoza kuchagua divai ya kuandamana na nyama hiyo. Alicheka akaniambia, "Ndugu yangu, hakuna aliyechagua. Kondoo walikuwa mlimani na mizabibu ilikuwa bondeni." Kisha akanieleza kwamba babu yake alikuwa akiiuza divai kwa pipa kwa dalali aliyepita kila mwaka, na mzee yule alifariki bila kujua ilikonywewa wala kwa jina gani.

Kondoo hao wana historia ndefu. Kila msimu wa baridi ulipokaribia, wachungaji wa Abruzzo waliyateremsha makundi yao hadi nyanda za Puglia kusini, kisha wakayarudisha milimani majira ya joto. Njia kuu ya mifugo kutoka L'Aquila hadi Foggia ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 244. Mwaka 1447 mfalme Alfonso wa Aragon aliweka hata idara ya forodha ya kuwatoza kodi wachungaji hao. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliitambua desturi ya kuhama na mifugo katika nchi za Italia, Ugiriki na Austria kuwa urithi wa wanadamu. Kutokana na safari hizo vilizaliwa vyakula kama pecora alla callara, yaani nyama ya kondoo mzima iliyotokoswa kwa saa nyingi katika sufuria kubwa la shaba, pamoja na jibini ya maziwa ya kondoo iitwayo pecorino.

Kwa nini divai hii ikubaliane na vyakula hivyo? Ganda nene la zabibu hutoa ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka na kukunjamana ambayo twaijua tunapotafuna ndizi mbichi au kunywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Ukakasi huo hushikamana na protini za mate. Mlaji akiwa na nyama na mafuta kinywani, ukakasi hupata protini nyingine za kushikamana nazo, na divai ikaonekana laini. Wakati huo huo, uchachu wa divai hupunguza uzito wa mafuta, na kijiti cha kumi kikalika kama cha kwanza. Nyama ya kondoo ina harufu na mafuta ya kutosha kustahimili divai nzito. Samaki mwororo hawezi.

Kiko pia chakula cha tambi, maccheroni alla chitarra. Chitarra ni gitaa, nacho chombo cha kuzikatia tambi hizo ni fremu ya mbao iliyofungwa nyuzi nyembamba za chuma. Kinyunya hutandazwa juu ya nyuzi, kikasukumwa kwa mpini wa mbao hadi kikakatika na kuwa tambi za pembe nne. Huko Teramo huliwa na mchuzi wa nyanya wenye vidonge vidogo vya nyama. Nyanya ina uchachu wake, na huitaka divai isiyokosa uchachu. Montepulciano changa, isiyokaa sana katika mapipa ya mwaloni, huukidhi mchuzi huo vizuri. Ipo tena pallotte cace e ove, matonge ya jibini, mayai na mkate yaliyopikwa katika mchuzi wa nyanya. Hiki ni chakula cha watu waliotamani nyama wakaikosa. Jina lake limebaki katika lahaja, halikusanifishwa, na mimi kama mwanaisimu nalifurahia jambo hilo.

Mpishi wa Abruzzo hupenda pilipili, na hapa tahadhari inahitajika. Kileo kingi na ukakasi mkali huizidisha pilipili mdomoni. Soseji ya pilipili basi hufaa pamoja na divai changa na laini, wala si ile iliyokaa miaka mingi. Divai iliyozeeshwa, hasa ya vilima vya Teramo, hutunzwa kwa ajili ya nyama iliyookwa na jibini iliyokomaa. Na pwani, kwenye mchuzi wa samaki uitwao brodetto, wenyeji huiweka kando divai nyekundu, kwa kuwa ukakasi wake hukutana na samaki ukaacha ladha kama ya chuma. Wao huchukua Cerasuolo, divai ya zabibu zile zile za Montepulciano, ila maganda huondolewa mapema na rangi ikabaki ya tunda la cheri. Ndilo lililoipa jina lake, na tangu mwaka 2010 ina DOC yake yenyewe.

Vuka milima sasa urudi katika mji wa Montepulciano, uone meza nyingine. Huko wanakula pici, tambi nene zinazofinyangwa kwa mkono. Wanakula nyama ya ng'ombe weupe wa Chianina, waliopewa jina la bonde la Chiana lililo chini ya mji. Wanakula jibini ya kondoo kutoka Pienza, mji jirani. Divai yao ya Sangiovese ni nyepesi zaidi kwa rangi na ina uchachu mkali zaidi, nayo hulingana na meza hiyo. Utata ulio katika jina hautuhangaishi tena tukiangalia sahani. Ng'ombe wa Chiana na kondoo wa Gran Sasso hawachanganyiki.

Watengenezaji wa Toscana nao waliuona utata huo na kuuona una hasara. Mwaka 2021 ikawa lazima kwao kuandika neno Toscana katika lebo za Vino Nobile, ili mnunuzi asidhani kwamba divai yao ni ile ya Abruzzo, ambayo mara nyingi bei yake ni nafuu. Kwa hiyo pande zote mbili zinalalamika. Toscana inaogopa kushushwa thamani na jina la mwenzake. Abruzzo inaogopa kuonekana mwigaji wa mji ambao haikuiga, ilhali zabibu hiyo imelimwa huko kwa zaidi ya karne mbili.

Napendekeza basi kwamba wafasiri wetu, waandishi wa magazeti na wale wanaotayarisha orodha za vyakula hotelini wafanye jambo dogo. Waandike "Montepulciano ya Abruzzo" kwa ile ya zabibu, na "Vino Nobile ya mji wa Montepulciano" kwa ile ya Toscana. Maneno machache zaidi hayamchoshi msomaji, nayo yanamweka kila mkulima katika shamba lake. Vivyo hivyo, mwalimu anayefundisha a-unganifu aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi la kueleza kila "ya" na kila "cha" inabeba uhusiano gani: wa mahali, wa kitu, wa wakati, au wa mwenyewe. Aweza kulitumia jina la chai, la embe au la mkeka. Si lazima divai.

Kufanya hivyo ni zaidi ya usafi wa sarufi. Wakulima wa Abruzzo walikaa miaka mingi wakiuza kazi ya mikono yao bila jina, na walipolipata jina lilikuwa ni lile linalofanana na la wengine. Anayelisoma jina hilo vibaya anawarudisha kwenye pipa la dalali. Anayelisoma vizuri anawapa haki yao, hata kama maishani mwake hatawahi kuionja divai yenyewe.